Je, Wajua? Chembe Moja Ngeni na Taa za Nyabibuye

Taa ya sola huwaka kwa sababu ya uchafu

Je, wajua kwamba paneli ya sola iliyofungwa juu ya bati huko Nyabibuye, mkoani Kigoma, isingewasha hata balbu moja kama silikoni yake ingeachwa safi kabisa? Silikoni hutolewa kwenye mawe meupe yaleyale yanayozaa mchanga. Kiwandani husafishwa kwa moto na kemikali, kwa gharama kubwa, mpaka takataka karibu zote zimetoka. Ikishatakata, mafundi huichafua tena kwa makusudi. Upande mmoja hutiwa boroni au galiamu, upande wa pili fosforasi. Na kipimo chake ni kidogo mno: katika paneli nyingi, atomi moja ya boroni hukaa katikati ya mamilioni kadhaa ya atomi za silikoni.

Siri iko kwenye hesabu ya elektroni. Atomi ya silikoni ina elektroni 4 za nje, na zote zinatumika kushikana na jirani zake. Fosforasi ina 5, kwa hiyo moja hukosa wa kushikana naye, ikabaki huru kutembea. Boroni ina 3 tu, kwa hiyo huacha nafasi tupu ambayo elektroni ya jirani inaweza kuhamia. Pale pande hizi mbili zinapokutana hujengeka nguvu ya umeme. Mwanga wa jua ukizing'oa elektroni, nguvu hiyo inazisukuma zote kuelekea upande mmoja, na hapo ndipo unapopatikana umeme wa kuchaji simu na kuwasha taa ya mtoto anayesoma usiku.

Jambo hili liligundulika kwa bahati. Mwaka 1940, Russell Ohl wa maabara za Bell huko Marekani alikuwa anapima kipande cha silikoni chenye ufa. Alipokimulika, kikatoa umeme ambao hakuna aliyeutarajia. Ilikuja kufahamika kwamba silikoni ile ilipokuwa inapoa baada ya kuyeyushwa, uchafu uliokuwamo ulijitenga, aina moja ikatawala upande huu wa ufa na nyingine upande ule. Mwaka 1954, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson wa maabara hizohizo walitia uchafu kwa mpango, wakapata seli ya sola iliyogeuza takriban asilimia 6 ya nishati ya jua kuwa umeme.

Watu wa Kibondo na Kasulu wanaijua thamani ya chembe hizo za uchafu kuliko wengi. Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, na miji yake ilitegemea majenereta ya dizeli. Ni Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa ziarani mkoani humo, majenereta ya Kasulu na Kibondo yalipozimwa na umeme wa gridi ukashika nafasi yake. Kata ya Nyabibuye, iliyo jirani na mpaka wa Burundi katika wilaya ya Kakonko, ile iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, ni mahali ambapo paneli haihitaji kuelezwa ni ya nini.

Ndani ya simu yako kuna silikoni iliyobanwa

Shaba hupitisha umeme wakati wote. Kioo hakipitishi. Semikondakta, kundi ambalo silikoni imo, hukaa katikati, na thamani yake kubwa ni kwamba tabia yake inaweza kurekebishwa. Njia ya kwanza ni hiyo ya kutia atomi ngeni. Njia ya pili haitii chochote: ni kuvuta au kubana.

Kampuni ya Intel ilianza kutengeneza chipu za namna hii mwaka 2003. Ndani ya transista (swichi ndogo sana za umeme) za aina moja waliweka mchanganyiko wa silikoni na jerimani. Atomi za jerimani ni kubwa zaidi, zinasogeza jirani zake, na silikoni iliyo katikati inabanwa. Transista za aina nyingine zilifunikwa kwa utando unaoivuta silikoni. Atomi zikisogea kidogo tu kutoka mahali pake pa kawaida, umeme hupita kwa wepesi zaidi, na chipu hufanya kazi haraka bila kupunguzwa ukubwa. Kwa hiyo simu inayotumika kutuma pesa Kakonko leo ina mabilioni ya vipande vya silikoni ambavyo havijawahi kupumzika tangu vitoke kiwandani.

Tatizo la silikoni ni kwamba haivumilii sana. Kipande cha kawaida ukikivuta hata asilimia 1 tu ya urefu wake, kiko karibu kuvunjika. Ndiyo maana wanasayansi walifurahi sana walipopata vitu vyembamba visivyo na woga huo.

Unene wa atomi moja

Je, wajua kwamba ndani ya milimita 1 ya grafiti, ile nyeusi ya kwenye penseli, kuna matabaka takriban milioni 3 yaliyolaliana? Kila tabaka lina unene wa atomi moja ya kaboni. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walionyesha kwamba tabaka moja linaweza kubanduliwa kwa selotepu ya kawaida na kupimwa likiwa peke yake. Tabaka hilo huitwa grafini, na kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobeli mwaka 2010.

Ukiliangalia kwa juu kwa hadubini yenye nguvu ya kutosha, unaona pembesita zilizopangana bila kikomo, sawasawa na masega ambayo mrina asali wa Kibondo huyatoa mzingani. Grafini inaweza kuvutwa hadi kiasi cha robo ya urefu wake kabla ya kukatika. Hilo lilipimwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Lakini grafini ina kasoro moja: haizimiki. Hupitisha umeme wakati wote, na transista isiyozimika haina kazi. Ndipo macho yakahamia kwa ndugu zake. Mmoja wao ni molibdenamu disalfaidi, madini meusi yanayoteleza, ambayo fundi wa magari anayafahamu kwa mikono hata kama hajawahi kusikia jina lake, maana yamo katika baadhi ya grisi nyeusi zinazopakwa kwenye jointi za ekseli. Kila tabaka lake lina molibdenamu katikati, na salfa juu na chini. Unene wote ni takriban nanomita 0.65, na nanomita 1 ni sehemu moja kati ya milioni ya milimita.

Mwaka 2010, timu mbili za Marekani, moja ya Columbia na nyingine ya Berkeley, zilieleza jambo la ajabu. Bonge la madini haya halitoi mwanga wa maana. Tabaka moja peke yake, likimulikwa, hung'aa. Kipimo cha Columbia kilionyesha ung'aaji ulioongezeka zaidi ya mara 10,000. Hakuna kilichotiwa wala kuondolewa isipokuwa matabaka ya jirani. Mwaka uliofuata timu ya Andras Kis huko Lausanne, Uswisi, ikatengeneza transista kwa tabaka moja, na hiyo ilizimika vizuri kabisa: umeme unaopita ikiwa imewashwa ulikuwa mara milioni 100 ya ule unaovuja ikiwa imezimwa.

Ukilivuta, linabadilisha rangi

Tabaka hili jembamba huvumilia kunyooshwa kwa takriban asilimia 10. Mwaka 2013 timu ya Kirill Bolotin, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, ililibandika juu ya kipande cha plastiki, ikakipinda kipande hicho polepole huku ikipima mwanga unaotoka. Kwa kila asilimia 1 ya kunyooshwa, nishati inayohitajika kuiachia elektroni ilipungua kwa kama asilimia 2 na nusu. Mwanga ukasogea kuelekea wekundu zaidi. Walipofika karibu asilimia 1, ukaanza kufifia, kwa sababu njia ambayo elektroni hupitia kurudi mahali pake ilikuwa imebadilika.

Fikiria maana yake. Kiwanda kinachotaka kifaa cha kupokea mwanga wa aina fulani hakilazimiki kutafuta madini mapya. Madini ni yaleyale. Kinachobadilika ni kiasi cha kuvuta.

Kwa grafini kuna tukio la kushangaza zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Berkeley waliiotesha juu ya platinamu, ikajifanyia vivimbe vidogo vya nanomita chache. Ndani ya vivimbe hivyo, kule kunyooka kulizifanya elektroni zitembee kana kwamba zimo ndani ya uga wa sumaku unaozidi tesla 300. Mashine za MRI za hospitali kwa kawaida hutumia tesla 1.5 hadi 3. Na hapakuwa na sumaku yoyote pale.

Rangi ya tanzanaiti nayo ni chembe ngeni

Wenzetu wa Merelani, mkoani Manyara, wanauza kazi ya chembe ngeni bila kuiita hivyo. Tanzanaiti, iliyoanza kujulikana duniani mwaka 1967, ni jiwe liitwalo zoisaiti ambalo limeingiwa na vanadi kidogo. Vanadi hiyo ndiyo inayolipa rangi. Mawe mengi hutoka yakiwa na rangi ya kahawia, kisha hupashwa moto mpaka nyuzi mia tano hivi na zaidi, hali ya vanadi ndani yake ikabadilika, na ile samawati inayotafutwa ikajitokeza. Mwamba huohuo umejaa grafiti; mchimbaji hutoka shimoni akiwa mweusi kwa vumbi lake. Mgodi mmoja una vyote viwili, jiwe lenye chembe ngeni na grafiti ambayo grafini hubanduliwa kutoka kwake.

Mtanzania aliyetia magnesi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu ni kazi iliyofanywa na watu wa kwetu na haisimuliwi inavyostahili.

Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imeshughulika kwa miongo kadhaa na tando nyembamba za kutumiwa na nishati ya jua. Utando wa aina hiyo si wa unene wa atomi moja, lakini ni mwembamba kiasi kwamba uso wake na kile ulichobandikwa juu yake vinaamua mengi. Nuru Mlyuka na Rogath Kivaisi walichapisha mwaka 2006 utafiti juu ya vanadi dayoksaidi. Hii ni semikondakta yenye tabia ya pekee: ikifika nyuzi 68 za Selsiasi, inageuka kuwa kama metali. Ikiwa semikondakta, huruhusu joto la jua lipite. Ikigeuka, hulizuia, huku mwanga wa kuonea ukiendelea kupita.

Sasa fikiria dirisha lililopakwa utando huo. Asubuhi ya baridi ya nyanda za juu za Kasulu linaingiza joto; mchana wa Dar es Salaam linalikataa. Lenyewe tu, bila waya wala swichi. Kikwazo ni zile nyuzi 68. Hakuna dirisha la nyumba ya mtu linalofika hapo.

Mwaka 2009, Mlyuka pamoja na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walieleza walichokipata baada ya kutia magnesi. Kila asilimia 1 ya atomi za magnesi ilishusha kiwango cha kugeuka kwa kama nyuzi 3. Na kulikuwa na faida ya pili: utando ulikuwa angavu zaidi. Magnesi ilipofika kama asilimia 7, mwanga uliopita uliongezeka kwa takriban asilimia 10. Hilo lilikuwa muhimu, kwa sababu utando wa kawaida wa vanadi dayoksaidi una umanjano unaofanya chumba kionekane kama kimeingiwa na moshi. Atomi ngeni moja ikatatua sehemu ya matatizo mawili kwa pamoja.

Wolframu hushusha kwa kasi zaidi, takriban nyuzi 20 kwa kila asilimia 1, lakini haileti uangavu huo.

Na kuvuta je? Utando huohuo unaikubali njia ya pili pia. Mwaka 2002 watafiti wa Japani, Yuji Muraoka na Zenji Hiroi, waliotesha vanadi dayoksaidi juu ya vipande viwili vya titani dayoksaidi vilivyokatwa kwa mielekeo tofauti. Kipande kimoja kilibana atomi za vanadi katika mstari ambao huwa zinajipanga mbilimbili. Utando ukageuka kwenye nyuzi 27. Kingine kilizinyoosha katika mstari huo. Utando ukasubiri mpaka nyuzi 96. Dutu ni ileile, chembe ngeni hakuna, na tofauti kati ya tando hizo mbili ni karibu nyuzi 70.

Mawe ya mpakani na chumvi ya Uvinza

Ukisimama Nyabibuye ukatazama magharibi na kaskazini, unaelekea kwenye ukanda wa miamba ambao wanajiolojia huuita Karagwe-Ankole. Unapita Kagera, Burundi, Rwanda na kusini-magharibi mwa Uganda, na miamba yake ya matale yenye kuzaa bati ina umri wa takriban miaka bilioni 1. Ndani yake kuna bati la Kyerwa, wolframu ya Rwanda, na koltani ambayo ina tantali na niobi. Kusini-magharibi mwa Tanzania, karibu na Mbeya, kuna hazina nyingine ya niobi katika kilima cha Panda.

Niobi ina kazi maalumu katika hadithi yetu. Molibdenamu disalfaidi, inavyotoka kiwandani au mgodini, kwa kawaida huwa na elektroni za ziada. Kupata ile aina ya pili, yenye nafasi tupu, kulisumbua kwa muda. Niobi ina elektroni moja pungufu ya molibdenamu, kama boroni ilivyo pungufu ya silikoni. Mwaka 2014 timu ya Junqiao Wu wa Berkeley ilionyesha kwamba niobi inaweza kukalia nafasi za molibdenamu na kubaki hapo kwa uthabiti. Ili kuongeza elektroni badala ya kupunguza, huchukuliwa reni, ambayo ina moja zaidi.

Wolframu nayo, ikiunganishwa na salfa au seleni, hufanya matabaka membamba ya jamii hiyohiyo. Wanunuzi wa madini mpakani huhesabu kwa kilo na kwa asilimia ya ubora. Katika maabara, kinachohesabiwa ni atomi moja kati ya mia, au kati ya elfu.

Na chumvi je? Mto Malagarasi, unaoanzia nyanda za mpakani mwa Burundi na kuzunguka mashariki kabla ya kugeuka na kuingia Ziwa Tanganyika, unapita Uvinza, mahali penye chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapo mwaka 1967 na kukuta dalili za watu kuchemsha chumvi kwa takriban miaka 1,500. Chumvi hiyo ilisafiri mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Siku hizi chumvi imeingia maabara pia. Mwaka 2018 timu ya Zheng Liu wa Chuo Kikuu cha Nanyang, Singapore, ilichapisha orodha ya dutu 47 za tabaka jembamba zilizooteshwa kwa msaada wa chumvi iliyoyeyuka, ikiwamo ya kawaida tunayotia mbogani. Oksaidi za metali kama wolframu na niobi ni ngumu kuyeyuka na kugeuka mvuke. Chumvi ikichanganywa nazo, joto linalohitajika hushuka, mvuke unapatikana, na tabaka linaota. Nyingi kati ya dutu hizo zilikuwa hazijawahi kupatikana zikiwa nyembamba kiasi hicho.

Kigali ni karibu kuliko Dar

Jambo la kutia moyo ni kwamba kujua kinachotokea ukibadilisha atomi moja hakuhitaji siku zote maabara ya mamilioni ya dola. Unaweza kuhesabu. Mtafiti hujenga kipande cha tabaka ndani ya kompyuta, akaondoa molibdenamu moja, akaweka niobi, akavuta kwa asilimia 2, kisha akaiachia programu itafute elektroni zitakaa wapi. Mojawapo ya programu hizo, Quantum ESPRESSO, hutolewa bure.

Eldoret, Kenya, ilipokea mwaka 2012 mkutano wa shule ya Afrika ya hesabu hizi, ASESMA, inayozunguka bara tangu mwaka 2010. Wanafizikia wa Kenya kama George Amolo na Nicholas Makau wamelea kundi zima la vijana katika fani hii. Na mwaka 2018 ilizinduliwa Kigali taasisi ya fizikia ya EAIFR, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ikiwa tawi la kituo cha kimataifa cha fizikia, ICTP, ambacho Abdus Salam wa Pakistan alikianzisha huko Trieste, Italia, mwaka 1964. Inafundisha shahada za uzamili na uzamivu, na fizikia ya maada imo katika masomo yake. Kijana wa Nyabibuye aliyefaulu fizikia yuko karibu zaidi na Kigali kuliko na Dar es Salaam, na kwa mbali sana.

Kompyuta isiyo na silikoni

Mwaka 2025 yalitokea mambo mawili. Aprili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, walitangaza chipu ya biti 32 yenye transista 5,931 za molibdenamu disalfaidi. Juni, timu ya Saptarshi Das wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania ikaonyesha kompyuta ndogo iliyotumia dutu mbili: molibdenamu disalfaidi kwa transista za elektroni, na wolframu diselenaidi kwa zile za nafasi tupu. Kila aina ilikuwa na zaidi ya transista 1,000. Kasi yake ilifika kilohezi 25, ndogo sana ukiilinganisha na simu ya kawaida, ila kazi ilifanyika bila silikoni ndani ya transista zake.

Kilichobaki kigumu ni kilekile tulichoanza nacho: kutia chembe ngeni. Katika silikoni, fundi hurusha atomi za fosforasi kwa kasi zikajipenyeza ndani, kisha hupasha moto ili kuponya madhara. Tabaka la nanomita 0.65 halina ndani. Ukilirushia atomi kwa nguvu hiyo, unalitoboa. Pale metali ya waya inapoligusa, umeme hukwama, na dawa ya kawaida ya kukwama huko ni kutia chembe ngeni nyingi mahali pa mguso. Watafiti wanajaribu kuotesha tabaka likiwa na chembe zake tayari, au kulibandika juu ya kitu kinacholivuta na kulipa elektroni kwa wakati mmoja. Ipi kati ya njia hizo itafaa kiwandani, kwa mamilioni ya transista zinazofanana, bado inatafutwa, na sehemu ya hesabu zake inaweza kufanywa kwenye kompyuta iliyopo Kigali au Eldoret.